Miezi 31 iliyopotea kwenye faili langu

Nimekaa masjala zaidi ya miaka ishirini. Kazi yenyewe ni mafaili ya watu: kuyafungua, kupachika barua, kuandika namba ya folio, yaani namba ya mfuatano ya kila barua, kwenye kona ya juu, kuyapeleka kwa wakubwa na kuyafuata yakilala mno mezani kwao. Mtumishi akija dirishani analalamika kwamba barua yake ya kupanda daraja haionekani, mimi ndiye ninayeinuka kitini. Kwa hiyo mtu angeniuliza mwaka 2022 kama taarifa zangu za utumishi ziko sawa, ningemcheka.

Tarehe 1 Julai mwaka huo kikokotoo kipya cha mafao, yaani kanuni ya kupigia hesabu ya pensheni, kilianza kutumika, na pale ofisini kwetu Moshi hapakuwa na habari nyingine. Chai ya saa nne, kikokotoo. Foleni ya benki, kikokotoo. Watu walikuwa wanagombana kuhusu asilimia: 33 mkupuo, yaani fedha unazopewa mara moja ukistaafu, 67 ya kila mwezi, na kila mtu alikuwa na binamu yake Dodoma aliyejua siri zaidi. (Asilimia hizo zimeshabadilishwa tangu wakati ule, ugomvi haujaisha.) Siku moja mhasibu wetu, mtu wa maneno machache, alichukua karatasi ya kufungia maandazi akaandika hesabu. Miezi uliyochangia, zidisha kwa wastani wa mshahara wa mwaka katika ile miaka mitatu uliyolipwa vizuri zaidi, gawanya kwa 580. Hiyo ndiyo pensheni yako ya mwaka kabla hawajaikata mkupuo.

"Mnapigia kelele asilimia," akasema. "Haya, nani hapa anaijua miezi yake?"

Tulikuwa watu saba. Hakuna aliyejibu.

Jioni nikiwa nyumbani Pasua, nimeinjika maharage, nikafungua kwenye simu programu ya PSSSF Kiganjani, ya mfuko wetu wa pensheni wa watumishi wa umma. Nilikuwa nayo siku nyingi, sijawahi kuitazama kwa makini. Ilinionyesha nimeanza kazi tarehe 1 Agosti 2003. Nikavaa miwani, nikasoma tena. Mimi nimeajiriwa tarehe 2 Januari 2001. Nakumbuka hata viatu nilivyovaa siku ile, maana vilinibana.

Kuanzia Januari 2001 mpaka Julai 2003 ni miezi 31. Nikachukua kalamu na kuifuata hesabu ya mhasibu. Tuseme ule wastani ni shilingi 1,000,000 kwa mwezi, yaani 12,000,000 kwa mwaka. Zidisha kwa 31, gawanya kwa 580: shilingi 641,379 kila mwaka, zaidi ya 53,000 kwa mwezi kabla ya kukatwa mkupuo, na itakayobaki ni ya mpaka kufa. Maharage yakaungua.

Nieleze kidogo miaka ile mwanzo ilikuwaje. Niliajiriwa katika wilaya moja ambayo wakati huo ilikuwa mkoa wa Arusha. Mwaka 2002 mkoa ukagawanywa, ikazaliwa Manyara, na wilaya yetu ikaangukia huko. Mwaka uliofuata nikaomba uhamisho kumfuata mume wangu Moshi, nikakubaliwa, nikaja na mtoto mchanga mgongoni na barua ya uhamisho kwenye mkoba. Faili langu binafsi lilipaswa kunifuata. Wakati huo lilikuwa linapita mikono mingi, wilaya, mkoa wa zamani, mkoa mpya, na masjala huwa tunasema faili lisilo na anayelisubiri halifiki. Halikufika. Kwa utaratibu wetu, faili likichelewa unafunguliwa faili la muda, ili barua mpya zipate pa kukaa, na lile la asili likija yanaunganishwa. Langu la muda lilifunguliwa Agosti 2003, na miaka 19 baadaye bado lilikuwa la muda. Hakuna aliyekumbuka kwamba ni la muda. Namba yake ilishazoeleka.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kwa afisa utumishi nikiwa nimejaa. Ni kijana, ananiita mama. Nikamwambia kuna mtu aliniandikia tarehe ya uongo, namtaka huyo mtu, na kama ameshastaafu nitamfuata hukohuko kijijini kwake. Kijana akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaenda kabatini mwenyewe, akalitoa faili langu, akafungua folio ya kwanza. Fomu ya taarifa za mtumishi, wino wa buluu uliofifia. Akaligeuza faili lielekee kwangu.

"Mama, samahani. Huu si mwandiko wako?"

Saba zangu huwa nazikata katikati kwa kistari, nilifundishwa hivyo darasa la pili. Namba ya sanduku la posta pale kwenye fomu ilikuwa na saba mbili, zote zimekatwa.

Nikakumbuka. Bosi wangu wa wakati ule alinipa fomu akasema jaza mwenyewe, wewe ndiye masjala. Sehemu moja iliandikwa "Tarehe ya kuanza kazi", nikadhani wanauliza nimeanza lini hapa, nikaweka siku niliyoripoti Moshi. Basi. Miaka ikapita, taarifa za watumishi zikaanza kuingizwa kwenye kompyuta, ule mfumo tuliouita Lawson, na aliyekuwa akiingiza hakuwa na muda wa kupekua faili zima kutafuta barua ya ajira, tena barua yenyewe haikuwemo. Alichukua folio ya kwanza. Mimi mwenyewe ningefanya hivyohivyo. Mwaka 2018 mifuko minne ya pensheni, PPF, PSPF, LAPF na GEPF, ikaunganishwa kuwa PSSSF, na tarehe yangu ikahamia huko kama ilivyo.

Nilikaa kwenye kiti cha wageni nikaishiwa maneno. Kijana akaniletea maji.

Tukaanza kupekua pamoja, na hapo ndipo lilipoibuka la pili. Ukoo wetu ni Massawe, s mbili. Cheti changu cha kuzaliwa kina s mbili, kitambulisho cha NIDA kina s mbili. Barua ya uhamisho iliandikwa Masawe, s moja, na kwenye hati ya mshahara nimekuwa Masawe tangu 2003. Kwa mtu wa Uchagani hili ni jambo la kucheka tu, maana Kimaro na Kimario wanaitana ndugu na Urasa na Urassa wanakula sahani moja. Mfumo hauli sahani moja na mtu. Kwake hao ni watu wawili, na mmoja wao hana kitambulisho.

Nilifikiri kiapo mbele ya wakili kitamaliza kazi. Nikalipa, nikaapa, nikagongewa mhuri. Kaunta ya kwanza nilikokipeleka nikaambiwa hakitoshi, nilete hati ya kubadili jina iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati. Nikauliza: nabadili jina gani wakati jina langu ni lilelile tangu ubatizo? Dada wa kaunta akanijibu kwa upole kabisa, "Mama, wewe hujabadili, ila karatasi zimebadili." Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nikaona ana haki. Wakili yuleyule akaandaa hati, ikasajiliwa, na hilo likaisha kwa wiki chache. Kama una tofauti ya herufi, uliza kwanza ofisi itakayoipokea inataka karatasi gani, ndipo uende kwa wakili. Mimi nimemlipa mara mbili.

Tarehe ndiyo iliyonitoa jasho. Serikalini neno lako si kitu. Barua ndiyo kitu, tena barua yenye kumbukumbu namba, na ya kwangu ya ajira nilishaipoteza. Niseme ukweli wote: niliichoma. Desemba, kabla watu hawajaanza kupanda kutoka Dar kuja kula Krismasi, nyumba zetu zinasafishwa mpaka uvunguni, na mwaka mmoja nilitoa boksi zima la makaratasi ya zamani, hati za mishahara za miaka mitano na mengineyo, nikatia kiberiti kwenye shimo la taka. Nilijisifu jinsi nyumba ilivyopata nafasi.

Januari 2023 nikachukua likizo ya siku tano, nikapanda basi la alfajiri kwenda kituo changu cha zamani. Moshi, Arusha, Makuyuni, Minjingu, Magugu ambako wamama wanaingiza mchele dirishani hata hujasema unataka, Babati, na kutoka hapo gari nyingine. Mkononi nilikuwa na barua ya mwajiri wangu ikiomba nisaidiwe kupata nyaraka. Bila barua hiyo usiondoke nyumbani. Faili la mtumishi ni la siri hata kwa mwenye jina, hakuna mtu wa masjala mwenye akili atakufungulia kwa sababu una sura ya huruma. Nayajua haya kwa kuwa mimi mwenyewe nimewarudisha wengi.

Niliyemkuta dirishani ni binti wa miaka kama ishirini na tano. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Natafuta faili langu." Akatafuta kwenye kompyuta, hamna. Akatafuta kwenye rejista mpya, hamna. Nikamwomba kwa adabu anionyeshe rejista ya zamani, lile daftari kubwa lenye jalada gumu, na kabla hajanipa nilijua mwandiko nitakaoukuta humo ni wa nani, maana miaka ile rejista ilikuwa yangu. Jina langu lilikuwepo. Mbele yake, kwa wino mwekundu, herufi mbili: PA. Kwa wasiojua masjala, faili la PA limefungwa na kuwekwa kando, halifanyiwi kazi tena. Yaani lilisubiri kuitwa, halikuitwa, mtu akalifunga na kulipeleka stoo.

Stoo ilikuwa nyuma, karibu na karakana ya magari. Popo. Harufu yao nadhani bado ipo kwenye kitenge kile. Mafaili yamefungwa mafungu kwa kamba za katani, mengine yameliwa na mchwa mpaka yakawa kama mkate wa jana. Tulikaa humo na yule binti kuanzia saa tatu mpaka saa nane, yeye akishika tochi ya simu. Langu lilikuwa fungu la chini, jalada la rangi ya udongo, limepauka upande mmoja. Nikafungua. Folio 1: barua ya ajira, tarehe 2 Januari 2001. Pini imeota kutu na kuacha alama nyekundu kwenye herufi ya kwanza ya jina langu. Massawe, s mbili. Folio 6: kuthibitishwa kazini. Folio 11: ombi langu la uhamisho, nimeandika "naomba kumfuata mume wangu" na kupigia mstari, sijui kwa nini nilipigia mstari.

Nililia kidogo. Binti akajifanya anaangalia mafungu mengine.

Faili huwezi kuondoka nalo. Tulitoa nakala za folio zote, afisa utumishi wa pale akazigonga mhuri wa nakala halisi na kusaini kila ukurasa, na nikawaomba waandike barua ya kulihamisha rasmi faili lenyewe. Likafika Moshi mwezi wa nne. Safari hii lilikuwa na mtu wa kulisubiri.

Nikadhani nimemaliza. Barua ya ajira inathibitisha uliajiriwa lini, haithibitishi kwamba ulichangia. Tarehe ya kuanza kazi ilirekebishwa bila shida kubwa: mwajiri aliandika, ngazi za juu zikakubali, mfumo ukasoma 2001. Miezi ya michango ikabaki tupu. Kila mwezi ulihitaji ushahidi kwamba makato yalitoka kwenye mshahara wangu. Kwa utaratibu wa PSSSF leo mtumishi anakatwa asilimia 5 ya mshahara na mwajiri anaongeza 15. Zamani zile, kwa mwezi mmoja mmoja, ningeonyesha nini, na hati zangu zimekuwa majivu?

Nikampigia mhasibu wa kituo cha zamani, tukapigiana tena na tena, mpaka akaniita dada yangu na mkewe akawa ananisalimia. Mwezi wa saba akapata masanduku ya orodha za mishahara, zile karatasi ndefu zilizoungana, zenye matundu pembeni na mistari ya kijani. Orodha za kuanzia Januari 2001 mpaka Machi 2003 zilikuwepo zote, na jina langu na makato yake kila mwezi. Miezi 27. Sanduku la kuanzia Aprili 2003 halikuonekana, na mpaka leo halijaonekana.

Ikabaki miezi minne. Wa Mei niliupata kwa bahati. Mwanangu, yule aliyekuja Moshi mgongoni, alikuwa anatafuta kadi yake ya kliniki kwa mambo ya chuo, na ndani ya kadi, imekunjwa mara nne, ilikuwa hati yangu ya mshahara ya Mei 2003. Inaelekea nilikuwa nimeandika nyuma yake uzito wa mtoto: kilo 4 na nusu. Nikaipeleka kama ilivyo, na kilo zake.

Februari 2024 taarifa ya michango ilisomeka vizuri: miezi 28 imerudi. Nilikwenda kula mtori na mhasibu wetu wa karatasi ya maandazi, nikalipa mimi.

Tangu hapo nimekuwa msumbufu. Kila anayekuja dirishani kuulizia barua moja namwambia aombe kuona taarifa zake zote: jina herufi kwa herufi likilinganishwa na kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya ajira ya kwanza, kuthibitishwa, kila daraja alilopanda, na majina ya wategemezi. Hili la wategemezi watu wanalisahau. Dereva wetu mmoja alikuta mtegemezi wake pekee ni mke wa kwanza, aliyefariki miaka kumi iliyopita, na watoto wanne hawamo. Alirekebisha kwa wiki moja, lakini siku hiyo alikaa kwenye gari bila kuwasha. Kuhusu tarehe ya kuzaliwa nawaonya mapema wasije na matumaini: uliyoiandika siku ya kwanza ya ajira haibadilishwi ovyo, maana ndiyo inayohesabu ile 60 ya kustaafu kwa lazima, na wapo waliojaribu kujizaa upya.

Mdogo wangu anafanya kazi hotelini Arusha, yeye ni NSSF, mfuko wa sekta binafsi. Nilimsumbua mpaka akafungua michango yake kwenye simu. Akakuta mwajiri wake hakuwa amepeleka ya Aprili na Mei kwa miaka miwili mfululizo, miezi ya mvua ambayo watalii hawaji. Kwenye hati ya mshahara makato yapo. Aliuliza kwa barua, nakala akabaki nayo, wakalipa. Angeuliza baada ya miaka kumi, sidhani kama mhasibu aliyekata angekuwepo hata wa kuulizwa.

Watu wananiuliza kama nililipa mtu chochote chini ya meza. Sikulipa. Nililipa nauli, wakili mara mbili, nakala, na maandazi mengi. Kilichonisaidia ni kwamba kila barua niliyopeleka niliandikiwa "imepokelewa", tarehe na saini kwenye nakala yangu, na kila ahadi ya mdomo niliigeuza kuwa barua siku ileile: "Kama tulivyozungumza leo, naomba kuthibitisha kwamba..." Watu hawapendi barua hizo. Zinawakumbusha.

Imebaki Aprili, Juni na Julai 2003. Barua ya mwisho niliyoiandikia ofisi ya zamani kuomba watafute sanduku lile iko kwenye faili langu, folio 63, na faili sasa ni moja, la muda na la asili yameunganishwa. Juu ya jalada, kwa penseli, nimeandika tarehe ya kulirudisha mezani: 2 Machi. Kalenda yangu ya ukutani ina duara siku hiyo.